Mshumaa Chini ya Boneti

Mimi sijui kukaa. Mume wangu ameshazoea, wenzangu wa ofisini wameshazoea, lakini fundi wa gereji moja hapa Dodoma alikuwa hajanizoea, ndiyo maana mwezi uliopita alinionyesha benchi akaniambia nisubiri nusu saa. Alikuwa amenibadilishia ekzosi. Bomba jipya alilipaka rangi ya fedha, ile inayovumilia moto, kisha akawasha injini ili rangi ijipike kabla sijaondoka. Moshi wa kwanza ukatoka, mwembamba, mkali, wa kukwaruza koo na kuacha ladha ya sarafu ulimini. Nikainuka. Nikazunguka ua wa gereji mara tatu, nikahesabu matairi yaliyoegemezwa ukutani, nikazunguka tena.

"Dada, kuna tatizo?" fundi akauliza.

"Ni huo moshi."

"Huo wa mara ya kwanza tu. Rangi ikishakomaa husikii tena."

Nikamwambia sawa. Sikumwambia kwamba harufu ile niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba yetu Ifakara, na kwamba kiangazi kile nilimfanyia baba yangu jambo ambalo nilikaa nalo kimya mpaka nikawa mama wa watoto wawili.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi asiyetulia. Chakula alikula amesimama, bakuli mkononi, akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mlimao wa uani na kurudi. Kanisani alitoka kabla ya baraka ya mwisho kwa sababu amesikia gari barabarani na anataka kujua linaumwa nini. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, upande wa matanuri, na mimi nilizaliwa hukohuko kwenye kambi za wafanyakazi. Kisha akagombana na msimamizi wake, tukahamia Ifakara kwa kina Mama, akawa anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Injini ya mashine inakaa mahali pamoja mwaka mzima ikitoa sauti ileile, na nadhani hicho ndicho kilichomchosha. Mara nyingi nilimkuta amesimama katikati ya vumbi la pumba, spana mkononi, akiangalia barabara.

Kiangazi hicho, mpunga ukiwa umeshavunwa na bonde limekauka mpaka nyufa za udongo zinameza mguu wa mtoto, likaja gari. Lilikuwa dogo, jeupe, lina namba kubwa nyeusi mlangoni, na ngurumo yake tuliisikia tangu likiwa sokoni. Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa Morogoro, mshindani wa mbio za magari, aliyemjua Baba tangu enzi za kiwandani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, maana yeye na Baba walikuwa wameshafunua boneti na kuinamisha vichwa ndani.

Ugonjwa wa gari lile niliuelewa kwa kusikiliza. Kwenye injini yalitoka mabomba manne ya chuma, yamepindwa kwa mkono, yakaenda kukutana kuwa bomba moja. Yalitengenezwa hivyo ili moshi utoke upesi na gari lipate nguvu. Lakini yalikuwa matupu, na gari likikimbizwa yaliiva mpaka yakawa mekundu, joto likajaa chini ya boneti na kuipata kabureta iliyokaa jirani. Petroli ikachemka kabla haijaingia kwenye injini. Ukilizima gari juani hata kwa dakika chache, haliwaki mpaka lipoe. Katika mbio zilizopita tajiri alikuwa wa pili, gari likamzimikia kwenye kituo cha ukaguzi, na wote waliokuwa nyuma yake wakampita huku wakipiga honi.

Madereva wa kwetu walikuwa na dawa yao. Barabara yote ya Sanje ungekuta magari yamefungwa gome bichi la mgomba kwenye bomba la petroli, na gome likikauka dereva anasimama kwa akina mama wauza ndizi anapewa lingine. Baba aliidharau dawa hiyo.

"Huko ni kumpepea mgonjwa," alimwambia tajiri. "Mimi nataka joto lifungiwe humohumo ndani ya bomba, litoke nyuma pamoja na moshi. Bomba livishwe nguo."

"Ukiniwezea hilo kabla ya mvua za kwanza, nakuchukua. Unakuwa fundi wangu, tunazunguka nchi nzima."

"Lini?" Baba akauliza. Hakuuliza kingine chochote.

Inabidi nieleze nilivyolipokea jambo hilo. Kule kambini nilikozaliwa, wakata miwa walitoka kila upande: Songea, Iringa, Mbeya, Kigoma. Wote walikuwa baba za watoto ambao hatukuwahi kuwaona. Jirani yetu mmoja alibandika juu ya kitanda chake picha ya wasichana wawili, akatuambia ndio wanawe, wako kwao. Mwaka uliofuata akawa na mke mwingine na mtoto mchanga palepale kambini, na picha haikuwepo tena ukutani. Kwangu mimi kazi ya mbali ilikuwa hivyo. Baba anaondoka, anabandika picha yangu mahali, halafu siku moja anaibandua. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nawaza hivyo.

Tajiri akapanda basi, gari likabaki nyuma ya nyumba yetu, na Baba akaanza kupima. Kipimo cha kwanza kilikuwa kipimajoto cha homa cha Mama. Alikifunga karibu na betri, akanguruma na gari hadi njia panda na kurudi, na tulipofunua boneti kioo kilikuwa kimepasuka na zebaki imetawanyika vitone vitone.

"Hiki kinaishia pale mtu anapokufa," Baba alisema akicheka. "Injini pale ndiyo kwanza inaamka."

Akabuni kipimo chake mwenyewe. Alitoboa vizibo vitatu vya soda, akavining'iniza kwa waya chini ya boneti. Cha karibu na betri alitia samli, cha karibu na kabureta kipande cha mshumaa alichokikata pembe nne kwa wembe, na cha jirani kabisa na mabomba akatia sukari. Kila kimoja kina joto lake la kuyeyuka, alinieleza, na mshumaa ndiye hakimu, kwa sababu joto linaloyeyusha mshumaa halikawii kuchemsha petroli. "Mshumaa ukibaki na pembe zake zote, mama, tumeshinda." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Skolastika, ingawa wengine wote waliniita Skola.

Kazi ya kusoma vizibo ilikuwa yangu. Baba alidai kwamba vidole vyake ni vinene mno kupita kati ya mabomba, lakini ukweli ni kwamba hakuweza kutazama. Alifunua boneti, akaenda zake hatua ishirini, akanipa mgongo na kuweka mikono kichwani, kama mtu asiyetaka kuona penalti inapigwa. Mimi nilivitoa vizibo kwa kitambaa, nikaandika kwenye daftari langu la hesabu, halafu nikamtangazia. Sukari ikishaandikwa ilikuwa haki yangu, ikiwa nyeupe au imegeuka kahawia.

Jaribio lilikuwa lilelile kila mara. Tulikwenda kwa kasi mpaka Kivukoni, ambako daraja lilikuwa halijajengwa bado, tukaingia mwisho wa foleni ya pantoni, Baba akazima injini juani, tukangoja dakika kumi na tano. Kungoja huko kulimmaliza. Alizunguka gari, akapiga teke matairi ya malori ya watu, akaenda kuangalia mitumbwi ya wavuvi bila kuiona, akarudi. Ndipo akafunua boneti, akatembea hatua zake ishirini.

Nguo ya kwanza aliyoyavisha mabomba ilikuwa rangi ya fedha aliyoiagiza kwa dereva wa basi. Ndiyo iliyotoa ule moshi. Ilipendeza kuliko kitu chochote pale kwetu, na ilipofika Kivukoni ilikuwa imebabuka yote, mshumaa umekuwa maji. Ya pili ilikuwa udongo wa kichuguu alioukandika mikono miwili. Siku hiyo kulikuwa na wingu. Nilimtangazia kwamba mshumaa umeyeyuka, lakini gari lilipopigwa ufunguo likawaka palepale, na Baba kwa furaha hakunisikiliza, akawapakia vijana wawili waliotaka lifti ya kurudi mjini. Nusu ya njia udongo ukapasuka kwa mashimo ya barabara, ukadondoka, gari likazima. Tulisukumwa na wachungaji wa Kisukuma walioacha ng'ombe wao kando ya barabara, wakicheka kwa adabu. Tangu hapo akaweka sheria. "Kuwaka ni bahati," aliniambia. "Mshumaa hauna bahati. Kuanzia leo tunauamini mshumaa tu."

Nguo ya tatu ilitoka kwa Mama. Alikuwa wa ukoo wa wafinyanzi, ingawa yeye mwenyewe aliacha kufinyanga baada ya kuolewa. Alikuja akasimama nyuma ya Baba, mikono ina unga, akayatazama yale mabomba.

"Unakosea, Baba Skola. Udongo mtupu lazima upasuke. Kwetu tulichanganya majivu ya pumba za mpunga."

"Majivu kiasi gani?"

"Kopo mbili kwa moja ya udongo. Na usiukaushe kwa moto siku hiyohiyo. Uache kivulini siku tatu."

"Siku tatu?"

"Tatu. Na usiuguseguse."

Baba akaongeza la kwake. Kutoka kwa rafiki zake wa kiwandani alileta kidumu cha molasi, ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa, ili mchanganyiko ushike chuma. Wakapaka pamoja, wawili hao, magoti chini, kisha Mama akazungushia vipande vya gunia la katani, kisha wakapaka tena. Sikuwahi kuwaona wakifanya kazi moja kwa muda mrefu namna ile. Siku tatu za kungoja zilikuwa adhabu. Baba alizunguka mlimao, akaenda mashineni na kurudi bila kazi, akanyoosha kidole kupima kama udongo umekauka, na Mama, popote alipokuwa, alimwona. "Mkono," alisema tu, na Baba aliurudisha mkono.

Katika siku hizo tatu niliona na kusikia mambo yaliyoniondolea usingizi. Nilimsikia Mama akimwambia Baba, huku akipepeta mchele, "Wewe nenda. Mimi sitakushika." Alisema kwa sauti kavu, bila kuinua uso, na mimi nikaona amekasirika na amemkatia tamaa. Kesho yake akawakamata kuku wetu wote saba, akawatia kwenye tenga, akampelekea jirani. Nikaamini ni kwa ajili ya nauli ya Baba. Kisha akavuta sanduku la bati kutoka mvunguni, akalipangusa vumbi na kulianika juani likiwa wazi. Nililipita mara kumi siku ile, na kila mara nililitazama.

Siku ya nne tukaenda Kivukoni. Molasi ilikuwa inaungua polepole ndani ya udongo, na gari zima lilinukia kama sufuria ya kashata iliyosahauliwa jikoni. Watoto walitukimbilia. Dereva wa lori aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni akashuka, akanusa hewa.

"Fundi, leo umepika nini humo?"

"Subiri upakuliwe," Baba akamjibu, akatoa ufunguo.

Dakika kumi na tano. Jua lilikuwa utosini, hakukuwa na wingu hata moja, na mchanga wa njia ya pantoni ulichoma kupitia kandambili. Baba akafunua boneti, akaenda zake, akanipa mgongo. Nikaingiza kichwa. Kitu cha kwanza nilichohisi ni kwamba joto halikunipiga usoni kama siku zote. Samli ilikuwa imelainika tu. Sukari ilikuwa nyeupe, chembe moja moja. Nikakitoa kizibo cha kabureta, na mshumaa ulikuwa umekaa mle kama Baba alivyoukata, una pembe zake zote nne.

Niliogopa. Sijawahi tena kuogopa namna ile, hata nilipoenda kujifungua. Nilimtazama Baba kule aliko, shati limeloa jasho katikati ya mgongo, viganja juu ya kichwa, na nikaona kabisa kwamba nikisema neno moja mgongo ule utaendelea kwenda mbele na sitauona ukigeuka tena. Nikashusha kizibo juu ya lile vazi la bomba, ili kiyeyuke. Mshumaa ulilegea polepole mno. Baba akajikuna shingo, nikadhani anageuka. Nikasogeza kizibo nyuma zaidi, pale udongo ulipoishia na chuma kikawa kitupu, kitambaa kikateleza, kidole changu kikagusa. Sikulia. Mshumaa ukawa maji mara moja. Nikarudisha kizibo kwenye waya wake, halafu nikaila sukari yote kwa mkono mmoja, upesi upesi, ili asiione ilivyokuwa nyeupe.

"Sema, mama," Baba akaita bila kugeuka.

"Umeyeyuka."

"Wote?"

"Wote, Baba."

Akaja akatazama. Alikitazama kizibo kile muda mrefu, yale maji ya mshumaa yakianza kuganda pembeni. Kisha akaingia kwenye gari, akapiga ufunguo, na injini ikawaka kwa mara ya kwanza tu, ikanguruma vizuri mpaka dereva wa lori akapiga makofi. Baba akatikisa kichwa. "Bahati," akamwambia.

Jioni ileile alichukua nyundo akalibomoa lile vazi. Mama alitoka jikoni aliposikia mlio.

"Mbona unavunja?"

"Mshumaa umeyeyuka."

Mama akaokota kipande, akakigonga kwa kucha, kikalia. Akakigonga tena akiwa amekiweka karibu na sikio. "Huu umeiva," alisema. Baba hakusikia, au hakutaka kusikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango nimetia kidole mdomoni, na Mama aliponiuliza nimefanya nini nikamwambia nimeshika sufuria. Akanipaka shubiri.

Baba alifikiri kosa ni la molasi. Sukari inaungua, alisema, inaongeza moto badala ya kuuzuia. Nguo ya nne ikawa bila molasi, ikabanduka. Nguo ya tano ikawa bila majivu pia, na hiyo hakuipa hata siku moja kivulini kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa. Tajiri akaja. Tukaenda naye Kivukoni, gari likazimwa, halikuwaka. Alikuwa mtu mwema, hakupandisha sauti.

"Umejitahidi, fundi," alisema.

Lilipopoa, kijana mmoja wa pantoni akawaletea gome bichi la mgomba. Tajiri akalifunga kwenye bomba la petroli kwa mkono wake mwenyewe, akatuaga, akaondoka. Tulirudi mjini juu ya gari la mkaa, Baba akiwa amekaa bila kuinuka hata mara moja, na mimi nilikuwa nimemshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi njia nzima.

Mvua zikanyesha, tukaenda shamba kukaa kwenye dungu na kuamia ndege kama kila mwaka. Baba alikuwepo. Alikuwepo mwaka ule na yote iliyofuata, alinisomesha, alinisindikiza siku ya kuolewa. Lakini hakupima tena kitu chochote. Mtu akimletea bomba la ekzosi alimwambia, "Hiyo peleka kwa fundi," kana kwamba yeye ni muuza nyanya. Alizikarabati mashine za mpunga kwa kubadilisha kile kilichovunjika, basi, bila kuuliza kwa nini kimevunjika. Kutembea hakuacha. Kuzunguka mlimao kule kulichimba njia ardhini, na mvua zikija njia ile ilijaa maji. Nilipoanza sekondari nilikuwa nimeshaelewa kwamba nimemzuia mtu mzima kwenda alikotaka, ila nilijifariji kwamba Mama angebaki peke yake, na mimi ningebaki bila baba. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana.

Kisha likizo moja, watoto wangu wakiwa wadogo, tulikwenda kuwasalimia. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, anawasimulia wajukuu habari za kuku.

"Saba wote niliwagawa bure," aliwaambia, anacheka. "Maana tulikuwa tunahamia Morogoro. Tulishapewa vyumba viwili nyuma ya gereji. Sanduku nimepanga, nguo za mama yenu nimeziweka juu zisikunjamane, halafu safari ikafa. Kwenda kuwadai wale kuku niliona haya."

"Tunahamia nani?" nikauliza.

"Sisi. Sasa ulidhani nani?"

"Si ulimwambia aende, hutamshika?"

"Nilimwambia atangulie. Akapaone, sisi tufuate baada ya wiki." Akapepeta kidogo, akapuliza makapi. "Nilitaka aende kuliko alivyotaka yeye. Mtu gani anazunguka mti maisha yake yote."

Sikuweza kukaa pale. Baba alikuwa uani, ameinamia pampu ya baiskeli aliyoifungua vipande vipande, nywele nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaenda nikasimama mbele yake na nikamwambia yote, bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea. Nilimwambia habari za kizibo, za bomba tupu, za kidole. Alisikiliza akiwa ameshika pete ya mpira ya pampu. Nilipomaliza akaigeuza ile pete kidoleni.

"Ilikuwa nguo ya ngapi?"

"Ya tatu, Baba."

"Ya molasi."

"Ndiyo."

"Mshumaa ulikuwaje ulipofungua?"

"Mzima."

"Pembe?"

"Zote nne."

"Na sukari?"

"Nyeupe. Niliila."

Akaweka ile pete chini taratibu. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Jua lilikuwa kali siku ile," alisema. "Hakukuwa na wingu." Kisha akainuka, akaita kuelekea jikoni kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu. "Mama Skola. Ile ya tatu ilishika."

"Ya tatu ipi?"

"Ya mabomba. Ya molasi. Ilishika."

Mama akatoka na ungo wake. Nilitegemea atanitazama, lakini alimtazama Baba. "Nilikwambia imeiva," alisema. Baba akaanza kuhesabu kwa vidole, majivu kopo mbili, udongo kopo moja, na Mama akamkatisha kwamba udongo ulizidi kidogo, siku ile aliongeza konzi moja bila kumwambia, na Baba akasema kumbe, na wakasimama wawili hao katikati ya uani, wazee, wakionyeshana kwa mikono hewani jinsi gunia lilivyozungushwa. Baba alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Kumbe niliiweza," alikuwa anamwambia. "Kumbe niliiweza kabisa."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yao nikisubiri aniulize kwa nini. Jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka tisa. Nilisubiri siku ile, na likizo iliyofuata, na wiki zile za mwisho hospitalini nilipokuwa nambadilishia shuka. Hakuuliza, mpaka tukamzika.